Stoo Ndogo na Orodha Ndefu

Mwaka 1989, nilipokuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu, niliamuru stoo ya chuo isafishwe. Stoo yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha dogo la nondo, na kwa miaka karibu thelathini kila mkuu aliyenitangulia alikuwa akiingiza vitu humo bila kutoa. Mlikuwa na karatasi za mitihani, ripoti za mazoezi ya kufundisha, hati za malipo, barua za wizarani na, katika kabati la pembeni, rejista za wanachuo tangu chuo kilipofunguliwa. Mahindi ya wanachuo yalikuwa njiani na hatukuwa na pa kuyaweka. Nikamwambia karani, "Yote ya kabla ya mwaka 1975 yachomwe." Moto uliwaka siku mbili nyuma ya jiko. Siku ya tatu magunia yaliingia, nami nikaandika katika taarifa ya muhula kwamba tatizo la nafasi limekwisha.

Mwaka 1997 alikuja mama mmoja ofisini kwangu. Alinizidi umri kwa miaka michache, nikamwamkia shikamoo. Akaitika, akaketi, akaweka mkoba wake magotini. Alikuwa amesoma chuoni hapo mwaka 1962 na 1963, na sasa alikuwa anakaribia kustaafu. Cheti chake kilikuwa kimechukuliwa na mafuriko, na ofisi iliyoshughulikia mafao yake ilitaka uthibitisho wa chuo. "Mwalimu," akaniambia, "mimi nataka mstari mmoja tu. Jina langu na mwaka." Mstari huo nilikuwa nimeuchoma. Nilimwandikia barua ya kueleza kwamba kumbukumbu za miaka hiyo hazipo; sikuthubutu kuandika kwamba aliyeziondoa ni mimi. Aliipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, akaenda zake. Sikupata kujua kama ilimsaidia.

Tangu siku ile nimekuwa mdadisi wa jambo moja: namna chombo chenye nafasi ndogo kinavyopangiwa mambo mengi ya kukumbuka. Nilipostaafu na kupata wasaa wa kusoma, nilishangaa kuona kwamba wahandisi wa kompyuta wamehangaika na stoo ile ile yangu. Kompyuta kubwa ya ofisini ikijaa, hununuliwa diski nyingine. Lakini ziko kompyuta ndogo zilizofichwa ndani ya vyombo vingine, ndani ya mita, simu, mashine za hospitali na vyombo vya angani. Hizi hupewa kumbukumbu ya kiasi, na mara nyingi haiwezekani kuziongezea. Nitasimulia visa viwili vya kompyuta za namna hiyo, kimoja cha Mirihi na kingine cha Mwezini, kwa sababu vimenifundisha zaidi kuhusu rejista zangu kuliko semina zote za utawala nilizohudhuria.

Kisa cha kwanza ni cha gari la roboti liitwalo Spirit. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilirusha gari hilo mwezi Juni 2003, na baada ya safari ya miezi saba likatua katika bonde la Gusev, sayari ya Mirihi, mwanzoni mwa Januari 2004. Lilikuwa na magurudumu sita, kamera, na mkono wenye vyombo vya kukwangulia na kupimia mawe. Siku za mwanzo zilikwenda vizuri. Tarehe 21 Januari lilikuwa mbele ya jiwe lililopewa jina la Adirondack, likijiandaa kulikwangua, mara likanyamaza. Kwanza wahandisi walidhani ni hali ya hewa, kwa kuwa kulikuwa na mvua ya radi kwenye kituo cha mawasiliano kilichoko Australia. Mvua ilipita, Spirit ikabaki kimya. Kesho yake ilitoa mlio mfupi tu wa kuonyesha kwamba imesikia amri. Tarehe 23 ilizungumza kwa dakika kumi kwa mwendo wa biti 10 kwa sekunde, kisha kwa dakika ishirini kwa biti 120. Huo ni mwendo wa mgonjwa anayetamka neno moja kisha akapumzika.

Maneno hayo machache yalitosha kuonyesha ugonjwa. Kompyuta ya Spirit ilikuwa ikijizima na kujiwasha upya, tena na tena, zaidi ya mara 60. Hata usiku haikulala, na kwa sababu haikulala ilikuwa inamaliza betri zake.

Ili tuuelewe ugonjwa huo, natumia mfano wa ofisi. Kompyuta ile ilikuwa na kumbukumbu za aina mbili. Moja ilikuwa kama meza: kumbukumbu ya kazi, megabaiti 128, ambayo hufutika umeme ukizimwa. Nyingine ilikuwa kama stoo: kumbukumbu ya kudumu, megabaiti 256, inayobaki na vitu vyake hata kompyuta ikilala usiku kucha katika baridi ya Mirihi. Picha na vipimo viliwekwa stoo kwa mafaili, vikisubiri zamu ya kutumwa duniani. Na kama ilivyo kwa stoo yoyote, palihitajika orodha ya kueleza nini kiko wapi.

Matatizo yalianzia kwenye orodha. Utaratibu wa kutunza mafaili ulikuwa wa aina ile ile iliyotumika kwenye kompyuta nyingi za mezani za zamani. Katika utaratibu huo, faili likifutwa, jina lake halitoki orodhani. Linawekewa alama tu ya kusema "huyu ameondoka", na mstari wake unabaki. Kila mwalimu anaijua rejista ya namna hiyo. Mtoto akihama unapiga mstari wa wino mwekundu juu ya jina lake, lakini mstari wake katika ukurasa haupungui. Mwisho wa mwaka una wanafunzi 38 na majina 60. Mistari iliyoachwa wazi inaweza kuandikwa majina mapya, lakini orodha yenyewe hairudi nyuma. Urefu wake ni ule wa siku ilipojaa kuliko siku zote.

Spirit ilikuwa imekusanya maelfu ya mafaili, mengi yakiwa yale ya safarini, ya miezi saba ya kuruka kutoka duniani, ambayo hayakuwa na kazi tena. Hapa likaja jambo la pili. Kila kompyuta ilipoamka, kabla ya kufanya lolote, ilinakili orodha yote ya stoo na kuitandaza mezani. Orodha ilipokuwa fupi hapakuwa na taabu. Ilipozidi kurefuka, ikafika siku ambayo sehemu ya meza iliyotengwa kwa ajili yake haikutosha. Programu iliomba nafasi zaidi, ikakosa, ikasimama. Kompyuta ikaona kazi muhimu imesimama, ikafanya iliyofundishwa: ikajizima na kuanza upya. Ilipoanza upya, kazi yake ya kwanza ilikuwa ipi? Kutandaza orodha ile ile ndefu juu ya meza ile ile ndogo.

Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza niliweka karatasi chini. Nimewahi kumwona mwalimu mkuu wa aina hiyo, na siku nyingine nimemwona kwenye kioo. Analemewa, anasema, "Kesho nitaanza upya," na kesho anaanza na mzigo ule ule.

Wahandisi hawakuwa wazembe. Walikuwa wamekwisha kuona kwamba mafaili ya safarini yanapaswa kuondolewa, na siku chache kabla ya hitilafu walikuwa wametuma programu ya kusafishia. Sehemu moja ya programu hiyo haikufika salama, ikapangwa kutumwa tena. Hitilafu ikawatangulia. Tena, majaribio yao ya duniani hayakuendeshwa kwa siku nyingi za mfululizo kiasi cha kuirefusha orodha kama ilivyorefuka huko. Katika jaribio fupi, stoo yoyote inaonekana kubwa. Hata yangu ilionekana kubwa mwaka ilipojengwa.

Dawa yao ilikuwa nzuri kwa urahisi wake. Walikuwa wameweka tangu mwanzo amri ya kuiambia kompyuta iamke bila kugusa stoo kabisa, ifanye kazi kwa meza tupu. Waliituma amri hiyo, na tarehe 24 Januari Spirit ikatulia, ikasikiliza, na usiku ikalala. Baada ya hapo walifungua stoo taratibu, wakateremsha duniani yale yaliyoweza kuokolewa, wakafuta mafaili ya zamani, na mwanzoni mwa Februari wakaisafisha kumbukumbu yote ya kudumu na kuipanga upya. Ndipo jiwe la Adirondack likakwanguliwa. Mwezi Aprili gari hilo na pacha wake Opportunity, lililotua wakati Spirit ingali mgonjwa, yalitumiwa programu mpya. Spirit ilikuwa imepangiwa siku 90 za Mirihi. Ilifanya kazi zaidi ya miaka sita, na mawasiliano yake ya mwisho yalikuwa tarehe 22 Machi 2010. Opportunity ilidumu hadi Juni 2018.

Kisa cha pili ni cha zamani zaidi, nacho kinaonyesha upande mwingine wa jambo hili. Tarehe 20 Julai 1969, Neil Armstrong na Buzz Aldrin walikuwa wakishuka kuelekea Mwezini. Kompyuta iliyokuwa ikiwaongoza ilikuwa na kumbukumbu ya kazi ya maneno 2,048 tu, kila neno likiwa na biti 16. Ukiigeuza hesabu hiyo kwa vipimo vya leo, ni kilobaiti nne. Programu zenyewe zilikuwa katika kumbukumbu ya kudumu ya maneno 36,864, zikiwa zimefumwa kwa nyaya zilizopita ndani au nje ya pete ndogo za sumaku, kama mtu anavyosuka mkeka, na haikuwezekana kuzibadili tena.

Katikati ya mshuko ilitokea namba ya tahadhari: 1202. Maana yake ilikuwa kwamba kazi zimezidi, hakuna tena nafasi ya kuweka kazi nyingine. Kila kazi iliyoanzishwa ilihitaji kijisehemu cha kumbukumbu ya kuandikia mambo yake, na visehemu hivyo vilikuwa vichache vya kuhesabika. Rada moja, ambayo haikuhitajika wakati huo, ilikuwa ikiinyang'anya kompyuta muda wake. Kazi zikachelewa kumalizika, mpya zikafika kabla ya za zamani kuondoka, na visehemu vikaisha.

Kompyuta hiyo nayo ilianza upya, kama Spirit. Tofauti ni kwamba waliotunga programu yake walikuwa wamekwisha kujiuliza swali gumu: siku nafasi ikiisha, tutaacha nini na tutashika nini? Kila kazi ilikuwa na cheo chake. Kazi kubwa, kama ile ya kuongoza injini, zilikuwa zimeandikiwa mahali salama zimefikia wapi. Kwa hiyo kompyuta ilipoanza upya, kwa kufumba na kufumbua, ilizirudia zile kubwa pale pale zilipoachia, na ndogo ndogo ikaziacha zianguke. Chombo kiliendelea kushuka kana kwamba hakuna lililotokea, isipokuwa namba ile iliyowatia hofu wasafiri.

Huko duniani nako swali hilo lilikuwa limejibiwa mapema. Wiki chache kabla, katika zoezi la kuigiza safari, tahadhari ya aina hiyo ilitokea na msimamizi kijana, Steve Bales, akaamuru safari ikatishwe, kumbe haikuwa lazima. Baada ya zoezi waliandika orodha ya tahadhari zote na maana zake. Mwenzake Jack Garman aliiandika kwa mkono kwenye karatasi moja. Siku ya kweli, namba ilipotajwa, Garman alikuwa na karatasi mbele yake. Bales, akiwa na umri wa miaka 26, akasema waendelee. Orodha moja fupi, iliyoandikwa kabla ya shida, ilifanya kazi kubwa siku hiyo.

Msomaji anaweza kusema kwamba Mirihi na Mwezi ni mbali. Lakini simu iliyo mfukoni mwako ina stoo hiyo hiyo. Katika mwaka 2000 mtaalamu mmoja wa Marekani, D. Richard Hipp, alitunga programu ndogo ya hifadhidata iitwayo SQLite. Wazo lake lilikuja alipokuwa akitengeneza programu ya kutumika katika manowari ya Marekani, akataka hifadhidata isiyotegemea kompyuta nyingine kuihudumia. Leo iko ndani ya kila simu ya Android na kila iPhone, na ndani ya vyombo vingi visivyo na kioo wala vitufe. Yapo mambo matatu ya programu hiyo ambayo ningependa kila mtunza stoo ayajue.

La kwanza, ukifuta maandishi ndani yake, faili halipungui ukubwa. Kurasa zilizoachwa wazi huwekwa akiba zingojee maandishi mapya. Kwa kawaida hilo ni jema, kwa sababu huokoa kazi. Lakini anayefuta kwa matumaini kwamba simu itapata nafasi mara moja atashangaa.

La pili, iko amri ya kuipanga upya ili kurasa tupu ziondoke kweli. Lakini amri hiyo huandika nakala nyingine ya hifadhidata pembeni kabla ya kuiacha ya zamani, hivyo huhitaji nafasi ya ziada inayoweza kufikia mara mbili ya ukubwa wa faili lenyewe. Kwa maneno ya stoo yangu: huwezi kupanga chumba kilichojaa hadi mlangoni. Lazima uwe na ua wa kutolea vitu nje. Anayengoja hadi nafasi iishe kabisa ndipo asafishe, amekwisha kupoteza nafasi ya kusafishia.

La tatu, mtengenezaji wa chombo anaweza kuiambia programu tangu mwanzo, "Usichukue zaidi ya kiasi hiki cha meza." Ikifikia hapo hupunguza kurasa ilizozishika mkononi na kuzisoma tena stoo kila zinapohitajika. Kazi huenda polepole, lakini huenda. Mpaka uliowekwa mapema huleta uchelewevu. Mpaka unaogunduliwa gizani huleta ukimya wa siku tatu Mirihi.

Sasa narudi kwenye moto wangu wa mwaka 1989. Kwa muda mrefu nilijilaumu kwa kuchoma, nikadhani kosa lilikuwa hilo. Spirit imenionyesha kwamba kutochoma nako kungetuua siku moja. Chombo kilichotunza mstari wa kila aliyeondoka kilizimwa na uzito wa mistari hiyo. Stoo ilikuwa imejaa kweli, na mahindi yalikuwa ya watu walio hai. Kosa langu lilikuwa kwamba nilitumia mwaka kama kipimo cha thamani. Nilisema "yote ya kabla ya 1975", kana kwamba karatasi ya mtihani wa majaribio na rejista ya wahitimu zina cheo kimoja. Wale wa Mwezini walizipa kazi zao vyeo kabla ya siku ya shida. Mimi nilizipa karatasi zangu vyeo siku magunia yalipokuwa barabarani, na aliyeharakishwa hupanga kwa lililo rahisi kuona, yaani tarehe iliyo kwenye jalada.

Kama ningekaa na karani kwa mchana mmoja, tungeona kwamba katika chumba kizima kitu kimoja tu kilikuwa kidogo na kilibeba uzito wa watu: zile rejista. Kabati moja la pembeni. Nilichoma mzigo pamoja na ufunguo wake, ili nipate nafasi ya magunia mawili.

Baada ya mama yule kuondoka nilianza kazi ambayo nilipaswa kuifanya kabla ya moto. Nilinunua kaunta buku moja nene. Kila jioni, kutoka rejista zilizosalia, niliandika mstari mmoja kwa kila mhitimu: jina, miaka, namba ya cheti. Matokeo, tabia na ripoti sikuandika; hayo yana mahali pake, na siku moja yatahitaji kuondoka. Kazi ilinichukua muhula mzima. Nilipostaafu niliacha nakala chuoni na nyingine ninayo nyumbani. Kitabu hicho hakizidi tofali kwa ukubwa.

Rejista zilizosalia zinaanzia mwaka 1975, lakini kitabu changu kinaanzia 1962. Mstari wa kwanza ni wa mama yule. Nimeandika jina lake na miaka yake miwili kama alivyonitajia mwenyewe, na mahali pa namba ya cheti nimepaacha wazi. Pembeni, kwa wino mwekundu, nimeandika nililoshindwa kuliandika katika barua yake: kwamba mstari huu hauna ushahidi mwingine, kwa sababu rejista ya mwaka huo niliichoma mimi.